Kwa Nini Tangi la Pili Halikombwi

Wenzangu wa ghalani,

Shija ameniandikia ujumbe. Anasema mnunuzi mpya anataka matangi yote ya asali yaoshwe kwa maji ya moto kabla msimu haujafunguliwa, yaoshwe hadi chini, na fundi amekwisha kuitwa. Halafu ananiuliza, kwa adabu yake ileile ya kuzunguka kwanza: kwa nini tangi la pili, miaka yote aliyonijua hapo, lilikuwa halikombwi? Kila mara tulibakiza chini kina cha kiganja, tukamimina asali mpya juu yake, na aliyeuliza nilimwambia aendelee na kazi.

Jibu fupi ni kwamba niliagiza hivyo. Jibu refu linaanzia siku yangu ya kwanza kazini, na kwa kuwa nimestaafu na hakuna anayenisubiri mahali, mtapata refu.

Nilifika Tabora mjini nikitokea upande wa Urambo, nikiwa na ndoo mbili za asali nyuma ya baiskeli. Asali ilikuwa ya mdogo wangu Maganga. Yeye alijua kupanda miti na kusema na nyuki, mimi nilijua kusema na watu, kwa hiyo tuligawana kazi. Nikaingia kwenye ghala la Mzee Mansukh, Mhindi ambaye babu yake alifika mji huu nyuma ya misafara ya Ujiji akiuza shanga na kaniki. Nilibishana naye bei tangu saa tatu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Mwishowe akachoka, akaniambia mtu mwenye mdomo kama wangu ni nafuu kumwajiri kuliko kununua kwake.

Lakini kwanza alinipima. Akaniwekea vijiko vitatu vya asali juu ya meza, akaniambia nionje na kumweleza kila kimoja kimetoka wapi. Cha kwanza nikasema ni miombo, tena ya mwanzo wa mvua. Cha pili nikasema mrina, yaani mvuna asali, amezidisha moshi. Cha tatu nilikionja, nikarudi cha kwanza, nikaonja tena cha tatu.

"Mzee, hiki cha tatu ni ndoo ileile ya kwanza."

Akaniambia wengi huligundua hilo, wakaogopa kulisema, wakatunga msitu ambao haupo. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi: kwa kuhesabu mara mbili na kukuta kitu kimoja.

Mambo ya kazi mnayajua, lakini nayarudia kwa ajili ya watakaokuja. Onjeni asubuhi, kabla ya chai. Kati ya kijiko na kijiko, kuleni tonge la ugali mkavu, maana maji huacha ulimi umelala. Tumieni kijiko cha mti. Cha chuma kina ladha yake na hakinyamazi. Kipimo cha maji yaliyomo kwenye asali kiaminini, lakini kionjwe na ulimi, na ulimi uonjwe na kipimo. Na lile bati dogo linalofungwa kwenye mkono wa kila ndoo, lenye alama ya mrina, ileile aliyoichonga kwenye mizinga yake, lisitoke kwenye ndoo mpaka asali imemiminwa. Likitoka, litundikwe kwenye msumari ulio juu ya tangi. Hili la bati nitalirudia.

Nilikutana na kesi ngumu. Bwana mmoja wa Ziba aliniletea ndoo sita nzuri kupita kiasi. Kipimo kilizisifu. Ulimi ukazikataa. Nikamuuliza nyuki wake wanakula nini, akasema maua. Nikamuuliza maua hayo yanauzwa duka gani na kwa kilo ngapi. Alicheka kabla hajajizuia, nasi tukaelewana. Sikumtangaza, nilimwambia achukue sukari yake iliyoyeyuka akanywee uji. Mwaka uliofuata alileta asali ya kweli, na ilikuwa mbaya, lakini ya kweli.

Kila siku saa kumi jioni Mzee Mansukh alifunga daftari na kuandaa chai yake ya tangawizi. Alitoa vikombe viwili. Kimoja alikunywa, cha pili alikijaza, akakiacha upande wa pili wa meza mpaka kikapoa, kisha akakimwaga. Mkewe, Mama Hansa, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijaajiriwa, na watoto wao walikuwa Uingereza. Niliuliza mara moja tu, wiki yangu ya pili, kwa nini vikombe viwili kwa mnywaji mmoja. Akasema amezoea kuosha viwili.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, na ilinichukua miaka kukiona kuwa si kichekesho. Mzee huyu mwenye vikombe viwili alikuwa muumini wa fundisho linalosema hakuna viwili. Kwa lugha yao huitwa adwaita, yaani isiyo mbili. Wenzake wa hekaluni, waliokuwa wachache, waliabudu kwa nyimbo na maua, wakamwona yeye ni mtu mwema anayechosha. Alikuwa na vitabu vya babu yake, vimefungwa kitambaa chekundu, juu ya rafu ya nta. Msikilizaji wake akawa mimi, Mkristo wa kanisa la Moraviani ambaye hakuwa na pa kukimbilia kabla ya saa kumi na moja.

Alinieleza fundisho hilo lilivyoanza, na alilieleza kama mtu anayeeleza njia aliyoipita. Zamani, zaidi ya miaka elfu mbili na nusu, ibada ya kwao ilikuwa moto na hesabu. Kuhani alimimina samli motoni, akatamka maneno bila kukosea hata pumzi, akahesabu matofali ya madhabahu. Nilimwambia huyo kuhani nampenda. Kisha watu wakaanza kuuliza, wengine makuhani wenyewe, wengine wafalme, wengine wanawake: huyu anayemimina ni nani? Moto ukizimika, kinachobaki ni nini? Wakaenda kuulizana msituni, mbali na kelele za ibada, na majibu yao hayakufanana. Hilo Mzee hakulificha. Lakini jibu moja lilirudi mara kwa mara: kile kilicho ndani yako kabisa, na kile kinachobeba dunia yote, si viwili.

Hapo halikuwa bado fundisho lenye jina. Lilikuwa mazungumzo tu, yakikaririwa kwa mdomo. Ilipita zaidi ya miaka elfu ndipo walimu wakayashona pamoja. Mmoja alitunga beti akidai kwamba, ukitazama vizuri, hakuna kitu kilichowahi kuzaliwa. Kisha mwanafunzi wa mwanafunzi wake, kijana wa kusini, akazunguka nchi nzima kwa miguu akibishana na kila mwenye mdomo, akaandika fafanuzi za mazungumzo yale ya msituni, na inasimuliwa kwamba alikufa akiwa bado kijana. Wapinzani wake walisema fundisho lake ameliiba kwa Wabudha na kulibadilisha nguo.

Nikauliza kama ni kweli aliiba.

"Aliazima, akakana," Mzee akasema. "Kama wewe na mizani yangu ndogo."

Baada ya kijana huyo wakaja wengine wakasema hapana: Mungu na nafsi ni viwili, la sivyo nani atampenda nani? Nikamwambia mimi niko na hao. Kwetu Mungu ni mmoja na mimi Yakobo ni mwingine, na ni vizuri hivyo, kwa sababu Yakobo hata kuamka mapema kunamshinda. Mzee alicheka mpaka akaondoa miwani.

Kati ya mazungumzo yale ya msituni, moja lilituhusu sisi wa ghalani. Baba alimfundisha mwanawe aliyerudi masomoni akiwa na majivuno. Akamwambia aangalie nyuki: wanakusanya maji ya maua ya miti mingi, wanayafanya kitu kimoja, na maji yale hayawezi kusema mimi natoka mti huu, mimi natoka ule. Viumbe vyote ndivyo vilivyo, na hivyo ndivyo ulivyo wewe.

Nikasema baba huyo hakuwahi kufanya kazi ya kuonja. Mimi mti nauona ndani ya kijiko.

"Wewe unauona," Mzee akasema. "Asali yenyewe haijioni. Nakulipa kwa kazi ya kutenganisha, ambayo babu zangu waliiona ni usingizi, Yakobo. Onja ile ndoo ya nne."

Tuliishi hivyo miaka mingi. Niliikariri mifano yake yote, nikaichukulia kama redio: inasema vizuri, na wewe unaendelea na kazi.

Kisha Maganga akaanguka. Ilikuwa mchana, hakuna nyuki aliyemkasirikia wala moshi uliomziba macho. Alikuwa anatundika mzinga mtupu kwenye mti wa mtundu ambao alikuwa ameupanda tangu utoto wetu. Tawi likakatika. Walipomfikia alikuwa bado anazungumza, akiuliza kama mzinga umepasuka. Walipofika naye barabarani alikuwa amenyamaza.

Tulimzika. Kwa desturi ya ukoo wetu wa warina, mavuno ya mwisho ya marehemu hayauzwi. Yanawekwa mpaka siku ya kumaliza matanga, kila mtu wa nyumba anakula kijiko kimoja, na baada ya hapo ndipo mizinga yake inapopewa mtu mwingine. Mavuno ya mwisho ya Maganga yalikuwa ndoo moja. Nyumba yake ilikuwa na panya na wageni, kwa hiyo mkewe, Nyamizi, akanipa ndoo ile niitunze ghalani, ambako kuna kufuli.

Alinikabidhi kwa mikono miwili. "Shemeji, hii nakupa wewe kwa sababu unahesabu mara mbili."

Niliiweka pembeni, chini ya rafu ya nta, na bati lake kwenye mkono wa ndoo: mikato miwili na duara. Siku ya kumaliza matanga ilipangwa baada ya mavuno, ndugu wapate kukusanyika.

Wiki ya mwisho kabla ya siku hiyo, lori lilikuja kuchukua asali ya kupitishia tangi la pili, lililokuwa limeoshwa na liko tupu. Ndoo ishirini zilitakiwa kumiminwa. Asubuhi nilikuta mchwa chini ya rafu, nikatoa kila kitu ili nifagie, na ndoo ya Maganga nikaisogeza kwenye mstari pamoja na nyingine. Kwa mkono wangu. Kisha nikaitwa getini kubishana na dereva. Nikarudi, nikahesabu mstari: ishirini. Nikahesabu tena, kama kawaida yangu: ishirini. Hesabu mbili zimekubaliana, nikawaambia vijana mimineni. Ndoo moja ya wauzaji ilikuwa imebaki nje kwenye baiskeli ya mwenyewe, haijateremshwa. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, mara zote mbili. Ilinieleza ni ngapi. Haikunieleza ni za nani.

Niligundua kwenye msumari. Nilikuwa nahesabu mabati baada ya kumimina, na raundi ya kwanza nilihesabu tu. Raundi ya pili niliyatazama. Mikato miwili na duara.

Nilichukua kijiko nikaanza kuonja tangi. Nilionja juu, nikaonja koki, nikaingiza mkono mpaka kwapani nikaonja katikati. Vijana walidhani nimepata wazimu, wakamwita Mzee. Alinikuta nimekaa sakafuni na kijiko. Nilimweleza. Alikaa na yeye sakafuni, mtu wa umri ule, kwa suruali yake nyeupe.

Akanikumbusha, taratibu, yale ya baba na mwanawe. Kwamba Maganga yumo, hakuna tone lililopotea. Kwamba ndivyo ilivyo kwa kila kitu tangu mwanzo, ila hatuoni.

"Mzee," nikamwambia, "hayo ni ya kuifariji asali. Mwenye kijiko je?"

Alinisaidia kujaza ndoo ileile kutoka kwenye tangi, akalifunga bati mwenyewe, na kesho yake nikapanda basi la Urambo.

Njia nzima nilijadiliana na nafsi yangu, nami ni mgumu kujadiliana naye. Bei ya kusema uongo ilikuwa ndogo. Asali ilikuwa ya misitu ileile, msimu uleule. Mashangazi wasingejua. Lakini Nyamizi alikuwa amekula asali ya Maganga tangu harusi, na nilijua kijiko cha kwanza kitakapogusa ulimi wake atanitazama.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulisali, mchungaji akamaliza, ndoo ikafunguliwa. Nyamizi alikuwa wa kwanza. Aliweka kijiko mdomoni, akakaa nacho, akanitazama. Watu walikuwa wengi.

"Shemeji, hii si ya Maganga."

"Ni ya Maganga," nikasema, "na ya watu wengine kumi na tisa. Nilikosea mimi. Ilimiminwa."

Shangazi yangu mmoja akaanza kusema, Nyamizi akamnyamazisha kwa mkono.

"Lakini yumo?"

"Yumo."

"Wewe, kwa ulimi huo wanaokuajiria mjini, unamsikia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu katika mkoa mzima ambaye angeweza kunipinga kwa ulimi. Nilichukua kijiko, nikaonja mbele yao, na nikatafuta kwa kila nilichofundishwa.

"Simsikii," nikasema.

Nyamizi aliwageukia watoto wake. Kisha akachota kijiko akampa binti yake mdogo. "Kula," akamwambia. "Baba yumo. Baba mkubwa amesema." Akampa na wa pili. Watu wakapanga mstari, wakala, mmoja mmoja, na hakuna aliyenilaumu kwa sauti. Afadhali wangenilaumu.

Nilirudi ghalani siku ya tatu, saa kumi jioni. Lori lilikuwa limekwisha kuondoka na asali yake. Nikaenda kutazama tangi la pili, nikitegemea kulikuta tupu. Chini palikuwa na kina cha kiganja.

Mzee alikuwa anaandaa chai. Nikamuuliza. Akasema alifunga koki mapema; mnunuzi alinung'unika, akampunguzia. Akasema vijana amekwisha kuwaambia tangi lile lisikombwe tena.

Nikakaa. Nikamuuliza swali ambalo nilistahili kuliuliza miaka mingi nyuma: ikiwa yote ni kitu kimoja, na hakuna kilichopotea, kwa nini alifunga koki?

Aliangalia vikombe vyake. Akaniambia kwamba katika vitabu vile vyenye kitambaa chekundu yuko mume mmoja, mwenye hekima kuliko wote, anayemuaga mkewe kwenda kuishi msituni. Anamfundisha kwamba penye wawili mmoja humwona mwingine, humsikia, humwonja. Lakini pasipo na wawili, nani amwonje nani? Kwa hiyo baada ya kifo hakuna kujuana. Na mke akamjibu kwamba hapo amemchanganya kabisa.

"Yule aliambiwa na mume mwenyewe, Yakobo, uso kwa uso. Mimi nimesoma kwenye karatasi. Naamini kila neno. Bado nimechanganyikiwa."

Kisha akakisukuma kile kikombe cha pili mbele yangu, bado kikitoa moshi.

"Kunywa," akasema. "Hansa hatajali."

Nilikinywa. Tangu siku hiyo kikawa changu, mpaka Mzee alipofariki, naye akachomwa kwa kuni kama alivyotaka, wanawe wakachukua majivu. Walipokuwa wanafungasha waliniuliza ninataka nini cha ukumbusho. Vitabu nilikataa, siwezi kuvisoma. Nilisema: msimwage tangi la pili. Walidhani nimezungumzia biashara.

Hiyo ndiyo sababu, Shija. Misimu yote tangu wakati ule imepita juu ya kile kina cha kiganja, na kila mwaka kilichokuwa cha Maganga kilizidi kuwa kidogo. Kila asubuhi nilionja pale kwanza kabla ya kuonja kazi. Mlidhani napima usafi.

Sasa fundi anakuja, na nimepiga hesabu. Kama Mzee alikuwa sahihi, maji ya moto hayawezi kumtoa Maganga popote, kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Kama alikosea, basi chini ya tangi lile kuna asali ya watu tu, na tumeilinda bure. Kwa vyovyote jibu ni lilelile. Nimerudia hesabu, limekuja lilelile. Lioshwe.

Ila niambie siku, nije asubuhi kabla maji hayajachemka. Kijiko ninacho. Ulimi wangu umepungua na sitegemei kumsikia. Jana nilimpigia simu Nyamizi kumweleza. Akauliza kama bado yumo. Nikamwambia kidogo. Akaniuliza basi linatoka Urambo saa ngapi.

Wekeni viti viwili.